Siku Moja Ziwani: Mwanza hadi Nansio

Mwezi huu tumeliacha jiko na cherehani, tunataka kuwasimulia safari. Si safari ya ndege wala ya Ulaya. Ni safari ya meli kutoka Mwanza kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, mwendo wa saa tatu hivi, ambao sisi tuliuahirisha kwa miaka mingi mno. Tunaisimulia kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni safari nzuri, na hata familia isiyo na fedha nyingi inaweza kuifanya. Ya pili, jioni ya siku ile tulifika mahali pa kuchagua, na kuchagua kwenyewe kulikuwa kugumu kuliko tunavyopenda kukiri.

Kwa nini tulikuwa hatwendi

Baba wa nyumba yetu ni mtoto wa Ukerewe. Mama yake, ambaye sasa ni mzee, anaishi huko mpaka leo, si mbali na mji wa Nansio. Watoto wetu wamezaliwa Mwanza. Wamekua wakiliona ziwa kila asubuhi kutoka juu ya mawe tunakokaa, wamelishwa sato na dagaa wake, lakini binti yetu mkubwa alikuwa amefikisha miaka kumi na minne hajapata kukanyaga kwa bibi yake. Bibi ndiye aliyekuwa akija mjini, mpaka magoti yalipomkatalia.

Ukituuliza sababu, tulikuwa nazo tele. Mara ada, mara kazi, mara mvua, mara mtoto ana homa. Sababu ya kweli hatukuwa tukiitamka. Ilikuwa woga.

Mtu yeyote aliyekuwapo Mwanza mwaka 1996 hahitaji kuelezwa. Asubuhi ya tarehe 21 Mei mwaka huo, meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi chake. Waliokufa ni mamia, na hesabu inayotajwa mara nyingi inapita watu 800. Wengi wao walizikwa kwa pamoja pale Igoma. Sisi wakati huo tulikuwa wanafunzi. Tunakumbuka mji ulivyonyamaza, na jinsi kila mtaa ulivyokuwa na turubai la msiba.

Miaka ilipita, woga ukaanza kupungua. Tukaweka akiba, tukapanga kwenda Krismasi ya mwaka 2018. Tarehe 20 Septemba mwaka huohuo kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko kile kilijengwa kuchukua abiria 101, na waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 220. Mipango yetu ikaisha siku hiyo. Fedha tulizoweka tukanunulia mabati.

Jambo ambalo hatukuliona ni kwamba woga wetu ulikuwa umepata warithi. Mtoto wetu wa pili alikuwa akikataa hata kuchovya miguu ufukweni. Mtoto wa Mwanza anaogopa ziwa! Nasi tulicheka tu, tukasema atazoea.

Aliyetuondoa nyumbani ni bibi mwenyewe, na wala hakutuita. Jioni moja alipiga simu akauliza, "Huyo mdogo wenu sasa urefu wake unafika wapi?" Tukamwambia anafika kwenye kitasa cha mlango. Akasema, "Haya, nataka kujua tu. Namsukia mkeka." Baadaye tukasikia kutoka kwa jirani yake kwamba amekwisha kusuka mikeka mitatu, kila mtoto wake, na ameitundika ukutani. Baba wa nyumba aliposikia habari hiyo hakusema neno. Kesho yake alikwenda bandarini kuuliza nauli.

Asubuhi bandarini

Tuliichagua siku ya Nanenane, kwa kuwa ni sikukuu na watu hawaendi kazini. Mpango ulikuwa kwenda asubuhi na kurudi na meli ya mchana, ili kesho yake baba awahi kazini saa moja na nusu. Usiku tulichemsha mihogo na mayai, tukajaza chai kwenye chupa, tukafunga khanga mbili na sweta za watoto. Akina mama, msidanganywe na jua la Mwanza. Ziwa letu liko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa sitahani asubuhi unaingia mifupani.

Kabla ya kutoka tuliomba pamoja. Tunalitaja jambo hili kwa sababu litarudi mbele.

Kwenye dirisha la tiketi kila abiria aliandikwa jina na umri, hata mdogo wetu. Kuna mama aliyekuwa nyuma yetu akinung'unika kwamba kumwandikisha mtoto mchanga ni kupoteza wakati. Si kupoteza wakati. Orodha ya abiria ndiyo inayomwambia nahodha amebeba watu wangapi, na likitokea la kutokea ndiyo inayowaambia waokoaji watafute watu wangapi. Katika ajali hizi mbili tulizozitaja watu walipata taabu kubwa kujua ni nani alikuwamo na nani hakuwamo. Mwandikishe mtoto wako kwa jina lake la kweli.

Tulipoingia, binti yetu mkubwa alimwuliza baharia mmoja, "Baba, maboya ya kujiokolea yako wapi?" Tuliona haya kidogo, tukidhani atamkasirisha. La hasha! Yule baharia alifurahi. Aliwaonyesha watoto wote watatu mahali yanapowekwa, akamvika yule wa pili, akamkaza kamba za kifuani, akamwambia, "Likilegea linakuvuka ukiwa majini. Likaze mpaka uone kero kidogo." Kisha akawaonyesha milango ya kutokea. Kazi hiyo haikuchukua hata dakika tano. Mtoto wetu aliyekuwa akiogopa maji alikaa na boya lile karibu safari nzima, na hakulia.

Njiani

Meli ilipiga honi, kamba zikafunguliwa, gati likaanza kwenda nyuma. Sisi tuliokaa Mwanza miaka yote tulikuwa hatujapata kuiona Mwanza. Kutoka ziwani mji unaonekana mwingine: mawe makubwa yamebebana kama mtu aliyeyapanga, na nyumba zimeng'ang'ania juu yake mpaka kileleni. Tuliwatafutia watoto nyumba yetu, kila mmoja akaonyesha yake. Jiwe la Bismarck lilibaki nyuma yetu. Upande uleule, nyuma ya Capri Point, kipo kisiwa cha Saanane, kilichopewa jina la mzee aliyekuwa akiishi hapo kabla hakijafanywa mahali pa wanyama katika miaka ya 1960. Tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa. Familia isiyoweza kwenda mbali na ianzie hapo.

Tukapita mbele ya Kirumba, penye soko la samaki la Mwaloni, na harufu ya dagaa ikatufuata hadi majini. Tukapita Bwiru na mawe yake. Baada ya hapo ghuba ikafunguka, pwani zikasogea mbali, maji yakawa ya bluu nzito. Mnandi walipita kwa mstari mrefu karibu sana na maji. Mbali kidogo, juu ya ziwa, lilisimama kitu kama moshi mweusi. Watoto wakadhani kuna meli inaungua. Baba yao akawaambia kuwa si moshi, ni wadudu wadogo wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, wanaotoka majini na kupanda juu kwa pamoja. Alikuwa akiwaeleza mambo ambayo hatukujua kuwa anayajua. Aliwaonyesha upande wa Ghuba ya Speke, iliyopewa jina la Mwingereza aliyefika pwani ya Mwanza mwaka 1858 na kuliita ziwa kwa jina la malkia wake. Akawaambia, "Lakini wazee wetu walikuwa wanavua humu kabla hajazaliwa huyo Speke, na walikuwa wanaliita Nyanza."

Ndugu wasomaji, uzuri wa safari ya meli ni kwamba hakuna cha kufanya. Kwenye basi mtu analala au anaangalia simu. Melini, mwendo ni wa taratibu, mawimbi ni yaleyale, na baada ya saa moja watu huanza kuzungumza. Tulikaa sisi watano kwenye benchi moja, tukamenya mayai, tukanywa chai kwa kupokezana kikombe. Mama mmoja aliyekuwa akirudi kwao na magunia ya sabuni za kuuza alitugawia karanga, akatusimulia jinsi alivyosomesha watoto wanne kwa biashara ya kuvuka maji kila juma. Hatukumbuki ni lini tulikuwa tumekaa namna ile, wote pamoja, bila mmoja wetu kuinuka kwenda kufanya kitu.

Kisiwani

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Ni nchi ya mihogo, machungwa na mawe, na watu wake ni wengi, nyumba zimekaribiana, hakuna shamba lisilo na mwenyewe.

Ni nchi yenye habari zake pia katika historia ya Kanisa. Mwezi Desemba mwaka 1877 wamisionari wawili wa chama cha CMS, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa hapa. Walikuwa wamenunua jahazi kwa mfanyabiashara aitwaye Songoro, naye akagombana na mtemi Lukonge, akakimbilia kwao. Ugomvi ukawakumba wote. Mbegu ya Injili haikuoza kwa ajili hiyo. Leo makanisa yapo kila upande wa kisiwa.

Tena Ukerewe ndiko alikotoka Mzee Aniceti Kitereza, aliyeandika kwa Kikerewe kitabu kirefu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alikimaliza mwaka 1945. Hakuna aliyekichapa, hata akakaa akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka 1981, kabla hajakishika mkononi. Tunawashauri akina mama wakitafute. Ni habari za mume na mke waliokosa mtoto, ndugu wa mume wakamtukana mke, wazazi wake wakamchukua. Na yule mume, badala ya kuoa mwingine kama alivyoshauriwa, akatoka kumfuata mkewe na kutoa fidia aliyotozwa ukweni. Ni wangapi leo wanaoweza kufanya hivyo?

Bibi alitupokea amesimama, ingawa magoti yanamwuma. Alimshika kila mtoto kichwani, akawapima kwa macho. Mikeka mitatu ilikuwa ukutani kweli. Akamwendea baba yao mwisho. Hakumlaumu. Alimwambia tu, "Umekuja, mwanangu," kisha akaingia jikoni. Tulipomfuata tulimkuta anafuta macho kwa upindo wa khanga, akasema ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Jioni

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Tulichelewa meli, na kosa lilikuwa letu. Chakula kilikuwa kimepikwa kwa heshima, na chakula cha heshima hakiharakishwi. Kisha majirani wakaja kusalimu. Kisha tukapelekwa makaburini kumwona babu. Kisha bibi akasema lazima watoto wachume machungwa ya kubeba. Tulipofika gatini meli ilikuwa imekwisha kugeuka, tunauona mgongo wake.

Njia ya barabara ipo, kwa kivuko kifupi cha Rugezi na Kisorya, kisha Bunda hadi Mwanza. Lakini kwa saa ile tungelala njiani. Baba wa nyumba alikuwa na shida ya pekee. Kazini kwake walikwisha kumwonya mwezi uliotangulia kwa ajili ya kuchelewa, siku zile mtoto alipolazwa, na aliambiwa onyo la pili litakuwa la maandishi. Na mfukoni tulikuwa na fedha za kurudi, basi.

Wakati tunasimama pale akaja kijana, mpole wa maneno. Akasema mtumbwi wa mashine unaondoka sasa hivi kwenda Kayenze, upande wa Ilemela, na kutoka Kayenze magari hayakosi. Nauli yake ilikuwa chini ya ile ya meli. Tukaenda kuuona. Ulikuwa mtumbwi mzuri wa mbao, mrefu, lakini katikati umejazwa magunia ya mihogo na dagaa, na juu ya magunia wamekaa watu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa amekwisha panda. Yule kijana akatuambia, "Panda, mama, nafasi ipo. Watu wanavuka kila siku. Mungu yupo."

Baba wa nyumba alikwisha kukunja suruali. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya maji.

Binti yetu mkubwa akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama alivyouliza asubuhi, "Maboya yako wapi?" Yule kijana akacheka, akasema, "Hapa sisi wenyewe ndio maboya." Watu juu ya magunia wakacheka pia. Sisi tukatazamana.

Tunataka kusema kweli, wala tusijifanye wenye hekima. Katika dakika ile tulimwonea mtoto hasira. Alikuwa ametuuliza jambo ambalo tulikuwa tumeamua kimoyomoyo tusiliulize. Asubuhi tulikuwa tumeomba, tena tulikuwa tumeshinda woga wa miaka mingi, tukaona kwamba kurudi nyuma sasa ni kukosa imani. Na neno la yule kijana lilikuwa la kweli. Mungu yupo. Nani angebisha?

Lakini neno la kweli linaweza kutumiwa vibaya. Yule mjaribu alipomwambia Bwana Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu, alimtajia Maandiko, na Bwana alimjibu kwamba Mungu hajaribiwi. Tukamkumbuka pia Mtume Paulo katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Wengi tunaipenda sura hiyo kwa ajili ya mwisho wake, jinsi watu wote 276 walivyofika nchi kavu, wengine wakielea juu ya mbao. Tunasahau ilivyoanza. Paulo, mtu wa imani, ndiye aliyesema tusiondoke, majira ni mabaya. Akapuuzwa, kwa sababu nahodha na mwenye chombo walitaka kwenda, na bandari waliyokuwamo haikuwafaa kukaa. Kumbe imani yake haikuanzia kwenye dhoruba. Ilianzia gatini, pale aliposema hapana.

Baba wa nyumba alitoa mguu majini. Akamwambia kijana, "Asante, mwanangu. Sisi tutalala." Akashusha suruali yake ikiwa imelowa mpaka gotini, tukarudi kwa bibi kwa miguu, hakuna aliyezungumza.

Usiku

Bibi hakushangaa. Aliinuka, akaitungua mikeka mitatu ukutani, akaitandika sakafuni mmoja mmoja. Wa mdogo wetu ulimtosha sawasawa. Wa mkubwa ulikuwa mfupi kidogo, miguu ikabaki nje. Bibi akautazama, akasema, "Huyu nilimhesabu kwa mwaka ule mliosema mnakuja." Neno hilo liliingia mioyoni mwetu kuliko lawama yoyote.

Kwa taa ndogo alikaa akawasimulia watoto mambo ya baba yao: alivyoanguka kwenye mwembe, alivyoiba sukari, alivyolia usiku mzima siku aliyopelekwa kusoma ng'ambo. Baba mwenyewe alicheka mpaka machozi. Sisi tumeishi naye miaka kumi na sita, na habari zile hatukuwa nazo.

Karibu na alfajiri upepo uligeuka, radi ikapiga upande wa maji, mvua ikanyesha. Wanaochunguza hali ya hewa wanaeleza kwamba ndivyo ziwa letu lilivyo. Mchana nchi kavu hupata joto na kuvuta hewa ya ziwani, basi mvua na radi hupiga zaidi barani. Usiku hewa ya baridi hushuka kutoka nchi kavu kila upande, ikakutana juu ya maji yaliyobaki na joto, mawingu yakapanda. Kwa hiyo dhoruba nyingi za Ziwa Victoria ni za usiku na za alfajiri, saa ambazo wavuvi wako kazini. Bibi aliamka akaketi akawaombea walioko majini. Alituambia huwa anafanya hivyo kila akisikia radi, tangu alipoolewa.

Asubuhi meli iliondoka ziwa likiwa shwari. Nauli iliyopungua alitupa bibi, kutoka kwenye kitambaa alichofunga kiunoni.

Je, tulifanya vema?

Huenda msomaji anangoja tuseme kwamba mtumbwi ule ulizama. Haukuzama. Tuliuliza. Walifika Kayenze jioni ileile, salama, na yule mama na mtoto wake, na Mungu ashukuriwe sana kwa hilo. Baba wa nyumba alifika kazini mchana, akapewa barua ya onyo, na mshahara wa siku hiyo ukakatwa. Kwa hesabu ya fedha, tulipata hasara.

Tumelifikiri jambo hilo mara nyingi. Kama tungepanda, tungefika, na watoto wetu wangejifunza kwamba unaweza kuuliza maboya asubuhi na kuyasahau jioni unapokuwa na haraka. Tusingejua kuwa tumewafundisha. Ndivyo vyombo vinavyojazwa. Si kwa sababu watu hawana akili, bali kwa sababu jana vilifika, na juzi vilifika, na kila mtu ana jambo lake la kesho. Waliopanda MV Nyerere siku ile ya gulio walikuwa watu wa kawaida wenye mahindi na watoto, wanaowahi nyumbani kama sisi.

Na upande wa pili tunajilaumu. Woga wetu wa miaka yote nao haukuwa busara, ingawa tuliuita hivyo. Ulimgharimu mama mzee wajukuu wake, na mkeka ukawa mfupi. Kukataa mtumbwi uliojaa ni jambo moja. Kukataa ziwa lote ni jambo jingine.

Kwa familia itakayopenda kufanya safari hii, tunashauri haya machache:

1. Ratiba za meli hubadilika. Ulizeni bandarini siku moja kabla, na sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutolewa pia kwa ajili ya ziwa.

2. Waandikisheni watoto wote kwa majina yao.

3. Mkishaingia, ulizeni maboya yalipo, na kila mtoto avikwe mara moja ajue namna ya kulikaza.

4. Chombo kinapokaribia gati, kaeni mahali penu. Watu wote wakikimbilia upande mmoja, chombo huinama.

5. Chukueni fedha ya kulala usiku mmoja, hata kama hamna nia ya kulala. Asiye na fedha ya kulala hana uhuru wa kusema hapana.

6. Msichelewe kwa sababu ya chakula. Lakini mkichelewa, lale­ni.

Tumekwisha panga kurudi Krismasi, safari hii kwa siku tatu. Bibi amepiga simu tena. Anauliza mkubwa amefika urefu gani sasa, kwa maana ameanza mkeka mwingine.

Bwana awalinde wote walio majini, na awarudishe nyumbani wote wanaongojewa.